Tairi la Mkorea lililoandikwa "Vietnam" siyo feki: uzi wa Kumho, kutoka teksi 2 hadi viwanda vya nchi 4

#1 Mzee wa Ringi (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Juzi kaja mteja dukani kwangu Gerezani, dereva wa Noah, anataka matairi manne ya ringi 15. Nikamtolea Kumho. Akalilaza tairi chini, akawasha tochi ya simu, akawa analizungusha taratibu huku anasoma ubavuni herufi moja moja. Alipofika karibu na ukingo unaokaa kwenye ringi akasimama. "Mzee, wewe ni mtu mzima. Kumho ni Mkorea, hapa pameandikwa MADE IN VIETNAM. Unaniuzia feki?"

Nikamweleza, lakini hakushawishika. Akaondoka na hela yake. Sikumkasirikia hata kidogo, kwa sababu aliniambia aliwahi kupasukiwa na tairi la mbele akishuka Kitonga, na mtu aliyepitia hilo ana haki ya kuogopa. Ila usiku sikulala vizuri. Nauza matairi miaka mingi na nikashindwa kumweleza mtu kwa nini kampuni ya Korea inatengeneza tairi Vietnam. Basi niliyoshindwa kuyasema pale kaunta nayaweka hapa kwa kirefu. Vuteni viti.

Tuanzie Gwangju, mji ulioko kusini-magharibi mwa Korea. Mwaka 1946, Wajapani wana mwaka mmoja tu tangu waondoke, mzee mmoja anaitwa Park In-chon akanunua gari mbili kuukuu za Kimarekani akazifanya teksi. Hapo ndipo mwanzo wa yote. Teksi zikazaa mabasi, mabasi yakawa mengi, na mwenye mabasi yeyote hapa ndani anajua kinachofuata: unaamka asubuhi, gari zima, dereva yupo, abiria wapo, tairi hakuna. Korea ya baada ya vita tairi lilikuwa kitu cha kutafuta kwa tochi. Mwaka 1960 mzee akaamua kutengeneza mwenyewe. Kampuni ikaitwa Samyang Tire, baadaye ndiyo ikawa Kumho, jina lililotokana na lakabu ya heshima ya mzee mwenyewe.

Naipenda sana sehemu hii. Kiwanda kilizaliwa kwa sababu mtu alikuwa na basi limekaa juu ya mawe.

Naendelea, msifunge uzi.

#2 Nyundo ya Chuma

Tuko pamoja mkuu. Ila jibu swali la mteja wako kwanza, kwa nini Vietnam? Si wangetengeneza kwao wakasafirisha kama wanavyosafirisha simu na friji?

#3 Mzee wa Ringi

Nyundo, chukua tairi moja la gari dogo, liinue. Ni kama kilo 10 hivi. Sasa tazama nafasi linayokula. Katikati pale ni shimo tupu. Ukilijaza kontena matairi, nusu ya unachokilipia nauli ni hewa. Simu milioni 1 zinaingia kwenye ndege kadhaa, lakini matairi milioni 1 ni mamia ya makontena. Kwa hiyo bidhaa hii kadiri unavyoitengenezea karibu na mteja ndivyo unavyopumua.

Na mteja mkubwa wa kwanza siyo mimi na wewe. Ni kiwanda cha magari. Gari jipya linatoka likiwa na matairi manne, na yule anayefunga hayo manne ya kwanza ana nafasi nzuri ya kuuza manne yanayofuata, kwa sababu wenye magari wengi wanarudia kilekile walichokikuta. Kwa hiyo tairi linafuata gari. Hyundai walipoweka kiwanda Montgomery, Alabama, na Kia wakaweka West Point, Georgia, Kumho wakatafuta ardhi Macon, Georgia, mwendo wa saa chache kwa lori kutoka kote kuwili. Kiwanda kile kilifunguliwa Mei 2016, kimegharimu kama dola milioni 450, uwezo wake matairi milioni 4 kwa mwaka.

China walitangulia zamani: Nanjing, kisha Tianjin na Changchun. Nyumbani wana Gwangju, Gokseong na Pyeongtaek. Vietnam kiwanda kipo Binh Duong tangu 2008, uliokuwa mkoa jirani na Jiji la Ho Chi Minh hadi ulipounganishwa nalo 2025. Na Binh Duong siyo bahati nasibu. Ni ukanda wa mashamba ya mpira. Unatoka kiwandani, unaendesha kidogo, unakuta miti imechanjwa na vikombe vimening'inia vinakinga utomvu. Korea hakuna mti hata mmoja wa mpira wa biashara, baridi yao haiuruhusu. Mkorea akitengeneza kwake, mpira asilia wote unavuka bahari ndipo uwe tairi, halafu tairi livuke bahari tena.

Yule mteja wangu alidhani "Vietnam" ni aibu iliyofichwa ubavuni. Kumbe pale ndipo malighafi ilipo.

#4 Dereva wa Masafa

Mkuu umesahau kodi. Nimeishi Marekani miaka kadhaa naendesha lori, kule kila baada ya muda unasikia tairi za nchi fulani zimepigwa ushuru, bei inaruka.

#5 Mzee wa Ringi

Sijasahau Dereva, nilikuwa nakuja huko, na umenirahisishia.

Mwaka 2009 serikali ya Obama iliweka ushuru wa ziada wa asilimia 35 mwaka wa kwanza kwa matairi ya magari madogo kutoka China. Mwaka 2015 ukaja ushuru mwingine kwa China hiyohiyo. Waliokuwa wanategemea China kulisha soko la Marekani wakaanza kutazama ramani upya. Halafu 2021 fimbo ikawafikia Wakorea wenyewe: Marekani ikaweka ushuru wa kuzuia bidhaa kuuzwa chini ya thamani yake kwa matairi ya Korea Kusini, Thailand, Taiwan na Vietnam. Kwa tairi linalotoka Korea, Hankook walipigwa asilimia 27.05, Kumho 21.74, Nexen 14.72.

Sasa angalia hesabu ya Kumho. Mwaka ule wa 2021, tairi lilelile, kashata (michongo ya juu) zilezile, likitoka Gwangju lilibeba asilimia 21.74. Likitoka Binh Duong, ushuru huo ulikuwa sifuri kwa kiwanda chao, likabaki na ushuru mwingine mdogo wa kufidia ruzuku za serikali ya Vietnam. Likitoka Macon halikupita forodha kabisa. Ungekuwa wewe ungepanua kipi? Walipanua Vietnam, kazi ikakamilika 2023. Na Mei 2025 Marekani ikaongeza asilimia 25 kwa vipuri vya magari, matairi yakiwemo, wa Korea na wa Vietnam wote ndani. Macon ikawa dhahabu.

Kwa hiyo neno lililoandikwa ubavuni ukiliona, mara nyingi limeamuliwa na afisa wa forodha kabla ya fundi.

#6 Binti Kilombero

Mimi ni mwanafunzi wa uchumi, nimewahi kusikia Kumho ilinunuliwa na Wachina. Kama ni kweli, bado ni kampuni ya Korea? Maana mteja wako angesikia hilo ndiyo angekimbia kabisa.

#7 Mzee wa Ringi

Binti, ni kweli, na hapa ndipo penye uchungu. Mleteni mtu chai, hii ni ndefu.

Watoto wa mzee Park walikuza kundi la makampuni. Shirika la ndege la Asiana lilianza 1988, likawa fahari ya familia. Kufika 2006, mwenyekiti akiwa Park Sam-koo, kundi likanunua kampuni ya ujenzi ya Daewoo kwa won trilioni 6.4. Mwaka 2008 likanunua kampuni ya usafirishaji ya Korea Express kwa won trilioni 4.1. Hela hazikuwa zao zote. Kwenye ile ya Daewoo waliingiza wawekezaji wenzao kwa ahadi hii: ikifika mwisho wa 2009 bei ya hisa ikiwa chini ya tuliyokubaliana, sisi tutazinunua kwa bei hiyo tuliyokubaliana. Kampuni ya matairi ilikuwa mmoja wa walioweka sahihi.

Mnakumbuka 2008 dunia ilivyoanguka. Hisa za ujenzi zikaporomoka. Ikaja siku ya kulipa, hela hakuna.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kiwanda cha Gwangju hakikuwa kimeharibu tairi. Mashine zilikuwa zinazunguka. Lakini kuanzia 2010 hadi mwisho wa 2014 Kumho Tire ilikuwa mikononi mwa wadai, ikiongozwa na mabenki, kwa deni lililotokana na majengo. Macon, ambayo ilitangazwa 2008, ikasimama miaka. Wafanyakazi wakakubali kukatwa mishahara ili kampuni isife. Mtu anayechanganya mpira kwa zamu ya usiku akalipa gharama ya mkataba ambao hakuwahi kuuona.

Hawajatulia, China nako kukawaka. Tarehe 15 Machi 2011, siku ya haki za watumiaji, televisheni ya taifa ya China ilionyesha kipindi kutoka kiwanda cha Tianjin. Kiwanda kilikuwa kinarudisha mabaki ya mpira kwenye mchanganyiko kupita kiwango ambacho kampuni yenyewe ilikuwa imejiwekea. Kampuni ikaomba radhi, ikarudisha zaidi ya matairi 300,000. Soko la China walilolijenga miaka zaidi ya 10 likaanza kuvuja, na viwanda vitatu vya kule vikageuka mzigo. Hapo siwatetei. Kanuni ya mchanganyiko ndiyo tairi lenyewe, ukiichezea hujauza kitu.

Wadai wakaamua kuuza. Machi 2017 Qingdao Doublestar ya China, ambayo wazee wa kule wanaijua kwa viatu kabla ya matairi, ikakubali won bilioni 955. Dili likakwama. Sehemu ya ugomvi ilikuwa jina! Jina "Kumho" lilikuwa mali ya kampuni nyingine ya kundi, na mwenyekiti alitaka mrabaha wa asilimia 0.5 ya mauzo, wadai wakisema 0.2. Hesabu za kampuni nazo zikaendelea kushuka, Septemba mwaka huohuo dili likafa.

Mwaka 2018 Doublestar wakarudi na bei ya chini, won bilioni 646.3 kwa asilimia 45. Chama cha wafanyakazi kikakataa. Mwezi Machi viongozi wawili wa chama walipanda mnara mjini Gwangju wakakaa huko juu kwenye baridi kupinga mauzo. Wadai wakasema mwisho ni tarehe 30 Machi, bila makubaliano kampuni inakwenda mahakamani kwenye ufilisi. Wakakubaliana usiku wa mwisho kabisa. Tarehe 1 Aprili wafanyakazi wakapiga kura, asilimia 60.6 wakasema ndiyo. Walipata hakikisho la ajira kwa miaka 3 na ahadi kwamba uendeshaji utabaki mikononi mwa Wakorea.

Jibu la swali lako Binti: mwanahisa mkubwa ni Mchina, tena kampuni iliyo chini ya mji wa Qingdao. Wanaoendesha ni Wakorea, utafiti uko Korea, jina limebaki la lakabu ya mzee wa teksi. Na nikiri, mimi mwaka ule niliamini watavunja mashine za Gwangju wahamishie Qingdao. Haikutokea. Mwaka 2024 kampuni iliuza zaidi ya won trilioni 4.5.

#8 Nyundo ya Chuma

Nimesoma mara mbili. Asilimia 60.6... ina maana karibu 4 kati ya 10 walikuwa tayari waende ufilisi kuliko kuuzwa. Sio mchezo.

#9 Fundi Alaimenti

Mkuu Mzee wa Ringi nakuunga mkono ila usiwaache Hankook na Nexen, wadau watadhani Korea ina kampuni moja. Mimi nafunga zote tatu kila siku na kwenye mashine ya kubalansi Hankook ananipa kazi ndogo zaidi.

#10 Mzee wa Ringi

Fundi upo sahihi, Hankook ndiye kaka mkubwa. Mizizi yake ni 1941, Korea ikiwa bado chini ya Japani. Viwanda vyake nje ni China, Rácalmás huko Hungaria tangu 2007, Indonesia, na Clarksville, Tennessee, tangu 2017. Ndiye anayevisha magari ya umeme ya mashindano ya Formula E tangu 2023, na kuanzia 2025 mashindano ya dunia ya rali nayo yanatumia tairi lake. Nexen ni mdogo, kwao Yangsan, ana kiwanda Žatec, Jamhuri ya Cheki, tangu 2019. Wale mashabiki wa Manchester City mtakumbuka jina lake kwenye mkono wa jezi.

Ila mimi nimechagua Kumho kwa sababu ya mteja wangu, na kwa sababu Hankook hakuwahi kuuzwa kwa mnada wa wadai. Mwenye vidonda ndiye anayefundisha.

#11 Dereva wa Masafa

Swali langu la mwisho mkuu. Wanaenda Vietnam, Hungaria, Cheki. Huku kwetu mbona hawaji? Mpira tunao, magari yamejaa.

#12 Mzee wa Ringi

Dereva umenigusa penye kidonda. Arusha tulikuwa na General Tyre. Serikali asilimia 74, Continental wa Ujerumani 26. Baba yangu alifunga zile tairi kwenye Bedford. Mashamba ya mpira ya kiwanda yalikuwa Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero, Binti atakuwa anayajua. Uzalishaji ulisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Nairobi nao, Sameer waliokuwa wanatengeneza Yana walifunga kiwanda 2016, wakabaki kuagiza nje.

Sababu nimeshaisema kule juu bila kututaja: tairi linafuata gari jipya. Sisi magari yetu mengi yanashuka bandarini yakiwa yameshatembea Japani miaka kadhaa, yana matairi yake ya huko. Hakuna West Point ya kwetu inayomeza matairi maelfu kila siku kwa mkataba. Kiwanda kinachotegemea mimi niuze manne leo na mawili kesho hakiwezi kuzungusha mashine usiku na mchana, na mashine za kupikia mpira hazipendi kuzimwa. Nasema hivi nikiwa naumia, maana ningetamani kuandika Arusha kwenye risiti.

#13 Binti Kilombero

Kalunga napajua, shangazi yangu alichanja miti pale.

Mkuu malizia, nimeona mahali kwamba kiwanda cha Gwangju kiliungua. Ni kweli?

#14 Mzee wa Ringi

Ni kweli Binti, na nilikuwa sitaki kufika huko.

Jumamosi ya tarehe 17 Mei 2025, kama saa moja asubuhi, moto ulianzia kwenye eneo la kupasha na kuchanganya mpira ghafi. Mpira ukishika moto hauzimiki kwa maji kama mbao. Unaungua kwa ndani, unatoa moshi mweusi mzito, unazima hapa unafuka pale. Iliwachukua zimamoto siku 3 kuuzima kabisa. Kiwanda kimejengwa 1974, mji umekua ukakizunguka, kuna majumba ya ghorofa jirani kabisa na stesheni ya treni, kwa hiyo wakazi walihamishwa. Walioumia walikuwa wachache, hakuna aliyekufa. Lakini pale palikuwa na uwezo wa matairi milioni 12 kwa mwaka na wafanyakazi zaidi ya 2,000 ambao ghafla walikuwa hawana pa kuingia zamu. Walewale wa mnara. Walewale wa kura ya 2018. (Na siyo wao pekee: Machi 2023 kiwanda cha Hankook cha Daejeon kiliungua pia, na matairi yapatayo 210,000 ghalani yakateketea.)

Mwezi Julai kampuni na chama wakakubaliana: kiwanda kipya kijengwe Hampyeong, nje kidogo ya Gwangju, awamu ya kwanza matairi milioni 5.3 kwa mwaka. Kabla mwaka haujaisha wakatangaza na kiwanda cha kwanza cha Ulaya, Opole nchini Poland, milioni 6 kwa mwaka. Ukijumlisha utaona: nyumbani awamu hiyo ya kwanza ni chini ya nusu ya uwezo uliokuwepo Gwangju, na kinachoongezeka kiko nje. Kibiashara naielewa kila hatua, nimewaeleza wenyewe hapa juu, mizigo, ushuru, gari jipya. Lakini nikifikiria yule fundi wa zamu ya usiku aliyekatwa mshahara 2010 kuokoa kiwanda hiki, siwezi kusema limekwisha vizuri.

#15 Fundi Alaimenti

Dah. Mimi nina Kumho mbili kwenye Probox yangu, nimetoka kuzichungulia sasa hivi kwa tochi. Moja imeandikwa Vietnam. Nyingine Made in Korea, na tarakimu nne za mwisho za DOT (ile namba ya utambulisho ubavuni) zinasomeka 1525. Hiyo ndio nini tena, wiki?

#16 Mzee wa Ringi

Ndiyo Fundi, wiki na mwaka. Wiki ya 15 ya 2025, yaani mwanzoni mwa Aprili. Kama ilipikwa Gwangju, ilitoka pale wiki tano kabla ya moto. Usiweke hiyo mbele na ile ya Vietnam nyuma, zifunge ekseli moja kama kashata zinalingana, upepo upime asubuhi gari likiwa halijatembea. Na ukiwa na picha nzuri ya ule ubavu nitumie, nataka nimwonyeshe yule mteja wa Noah. Kanipigia leo mchana, anauliza kama zile nne bado zipo.